TUSIMAME JUU YA NINI TUNAPOAMUA LILILO HAKI?

Hotuba iliyosomwa Mvumi, Ugogo, mbele ya wanachama na wananchi. Twaichapa kama ilivyosomwa, ila salamu ndefu za mwanzo tumeziacha.



Nimeombwa niseme juu ya swali ambalo kijana mmoja aliliuliza katika mkutano uliopita, na ambalo hakuna aliyelijibu. Aliuliza hivi: "Mwislamu ana Kitabu chake, Mkristo ana chake, na mzee wa mila ana wahenga wake. Katika chama tumo wote hao, na wamo hata wasiokubali lolote katika hayo. Basi tukisema jambo hili ni haki na lile ni dhuluma, twasema kwa amri ya nani? Tunasimama juu ya nini?"

Watu walicheka kidogo, kisha wakanyamaza. Mimi sikucheka. Nilirudi nyumbani na swali lile likanikosesha usingizi, maana nilijua kwamba sisi wazee wa chama tumelikwepa kwa miaka mingi kwa kupiga makofi na kuimba. Leo sitaimba. Nitajaribu kujibu.

Na nianze kwa kusema wazi, ili asiwepo mtu wa kunisingizia: sikuja kupiga vita dini ya mtu. Wamisheni walifungua kituo chao hapa Mvumi mwaka 1900, na wengi mliomo humu mmesoma na kutibiwa kwa kazi yao. Mwenye imani yake na aishike. Ninalosema ni kwamba hata mwenye imani, akifika katika kikao cha kijiji, hukuta mambo ambayo Kitabu chake hakikuyataja, na jirani yake hashiki Kitabu hicho hicho. Hapo lazima tuamue pamoja, na hapo ndipo ugumu ulipo.

NG'OMBE WA MVUMI

Sitakwenda mbali kutafuta mfano. Mfano uko chini ya miguu yenu.

Mnajua nchi yetu hii. Mvua yake kwa wastani haifiki milimita 600 kwa mwaka, nayo huja yote katika miezi michache, Desemba mpaka Aprili, tena kwa nguvu. Ardhi ikiwa haina majani, maji huichukua. Korongo huanza kama ufa wa kuruka mtoto, kisha huwa shimo la kumeza shamba, na mchanga wake huenda kujaza mito.

Mwaka 1973 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, tulioufahamu kwa jina la HADO, kwa msaada wa Sweden. Kwanza walichimba makinga maji na kupanda miti. Lakini mifugo ilikanyaga makinga maji na kula miche. Basi mwaka 1979 ikatolewa amri huko Kondoa: mifugo yote itoke katika eneo lililoharibika, kilometa za mraba 1,256. Ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda, zaidi ya 80,000, wakaondolewa. Mwaka 1986 amri kama hiyo ikafika hapa kwetu, Tarafa ya Mvumi.

Sasa fikirini vizuri. Kwa Mgogo ng'ombe si nyama tu. Ng'ombe ni maziwa ya mtoto, ni samadi ya shamba la uwele, ni mahari ya kijana, ni akiba ya mwaka wa njaa, ni kamba inayomfunga mtu na jamaa zake, kwa maana ng'ombe wako hawakai katika zizi lako peke yao. Huwekwa kwa marafiki na ndugu. Kumwambia mtu "toa ng'ombe" ni kumwambia akate kamba hizo zote kwa siku moja.

Kwa upande wa pili, ardhi ilikuwa ikienda. Mtoto ambaye hajazaliwa naye ana haki ya kukuta udongo. Nani amsemee? Hawezi kuja mkutanoni kunyosha mkono.

Haki mbili zilikutana njiani, na njia ilikuwa nyembamba. Kitabu gani kingetupa jibu? Nimesoma, sikuona aya isemayo mifugo iondoke Mvumi, wala isemayo ibaki. Mila je? Mila ilisema ng'ombe ni uhai. Na mila hiyo hiyo ilisema mtemi ana wajibu wa kuitunza nchi na kuiombea mvua. Wataalamu je? Wataalamu walijua kupima udongo, lakini hakuna kipimo cha kupima kilo ngapi za udongo ni sawa na maziwa ya mtoto mmoja.

Na matokeo yake? Hapana shaka majani yalirudi, na vichaka vikarudi. Huko Kondoa watu wengi waliona mashamba yakipata nafuu. Baadaye watu wakaruhusiwa kufuga ng'ombe wachache wa maziwa bandani, kwa kuwakatia majani. Lakini kadhalika ni kweli kwamba watu walipoteza mifugo yao, wengine wakaipeleka kwa majirani ambao nao walibanwa, na wengine wakachunga kwa kujificha. Na baadaye watafiti wakaeleza kwamba sehemu ya mmomonyoko wa Kondoa ilianza mamia ya miaka iliyopita. Haikuwa kosa la wafugaji wa siku zile peke yao. Waliotoa amri hawakuwa na habari hiyo.

Je, amri ile ilikuwa haki? Nimewauliza watu wazima, wenye akili, wenye kuipenda nchi hii. Wengine husema ndiyo, wengine husema la. Wala hakuna mjinga kati yao.

MATUTA YA ULUGURU

Labda atasimama mtu aseme: "Haya, dini na mila hazikutosha, lakini tunacho chama. Chama kina kanuni." Nami nasema, tuitazame historia yetu bila woga.

Mwaka 1955 Serikali ya Mwingereza iliwalazimisha watu wa Uluguru kulima kwa matuta ya ngazi, ati kuokoa udongo. Watu walikataa. Palitokea ghasia huko Matombo, na mtu mmoja akafa. TANU, iliyokuwa na umri wa mwaka mmoja tu, ilipata nguvu kwa wananchi wale waliochoshwa na amri ya matuta. Sisi tulisema: mwananchi asilazimishwe juu ya ardhi yake.

Miaka ikapita. Tukajitawala 9 Desemba 1961. Na mwaka 1970 na 1971 Ugogo ukawa miongoni mwa mahali pa mwanzo pa Operesheni ya kuhamia vijijini, na mwishoni mwa mwaka 1973 kuhamia vijijini kukawa amri kwa nchi nzima. Mahali pengine watu walikwenda kwa hiari, wakapata shule na maji. Mahali pengine walihamishwa kwa nguvu na nyumba zikabomolewa. Kisha ikaja amri ya mifugo.

Ndugu zangu, lazima tujiulize swali linalouma. Tuliyapinga matuta kwa sababu kulazimisha ni kubaya, au kwa sababu aliyelazimisha alikuwa Mwingereza? Kama kulazimisha ni kubaya siku zote, basi nasi tulikosa. Kama si kubaya siku zote, basi yatupasa tuseme ni lini, na kwa nini, na nani wa kupima.

KANUNI NAZO HUGONGANA

Tena si hapo tu. Januari 1958 TANU ilikutana Tabora kuzungumza juu ya uchaguzi wa kura tatu. Mkoloni alitaka kila mpiga kura achague watu watatu: Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja, Mzungu mmoja, na mpiga kura mwenyewe lazima awe na elimu au mapato ya kutosha, mathalan paundi 150 kwa mwaka, yaani shilingi 3,000. Mkulima wa Mvumi angepata wapi fedha hizo?

Wote waliokaa Tabora walikubaliana kwamba mpango ule ni wa ubaguzi. Walitofautiana juu ya la kufanya. Wengine walisema: kushiriki katika dhuluma ni kuibariki. Wengine, Mwalimu Nyerere akiwa mbele yao, walisema: kuisusia ni kuwaachia wengine Baraza. Mkutano ukaamua kushiriki. Zuberi Mtemvu akajitoa, akaanzisha chama chake cha African National Congress. Uchaguzi ulipofanyika, Septemba 1958 na Februari 1959, TANU na wale iliowaunga mkono wakashinda.

Leo twasema uamuzi ule ulikuwa wa busara, kwa kuwa tulishinda. Lakini siku ile ya Tabora ushindi haukuwapo mezani. Waliamua gizani, kama mtu avukaye mto usiku. Na Mtemvu hakuwa mtu mbaya kwa kukataa ubaguzi. Alishika kanuni moja na wenzake wakashika nyingine, na kanuni zote mbili zilikuwa njema.

Na tazameni Biafra. Mwaka 1964, huko Cairo, nchi yetu yenyewe ilipendekeza kwamba mataifa ya Afrika yaheshimu mipaka tuliyorithi kwa wakoloni, nayo yakakubali. Mwaka 1968, tarehe 13 Aprili, nchi yetu hiyo hiyo ikaitambua Biafra iliyojitenga na Nigeria, kwa sababu watu wake walikuwa wakifa. Ukitaka umoja wa Afrika, ulikuwa na hoja. Ukitaka watu wasiangamizwe, ulikuwa na hoja. Hapakuwa na kanuni ya tatu juu yao ya kuamua ipi ni kubwa.

Hata Azimio la Arusha la 1967. Lilisema kiongozi asiwe na nyumba ya kupangisha, asiwe na hisa katika makampuni, asipokee mishahara miwili. Februari 1991, huko Zanzibar, masharti hayo yakalegezwa. Basi kitu kilichokuwa aibu kwa kiongozi kikawa halali baada ya kikao. Kijana akiuliza kama haki yenyewe ilibadilika au ni watu waliobadilika, tusimkemee. Ameuliza swali la mtu mzima.

JE, KILA MTU AFANYE APENDAVYO?

Sasa nasikia mtu ananong'ona: "Mzee huyu ametubomolea nyumba. Kama hakuna mwamba wa kusimama, basi mwizi naye ana haki yake, mla rushwa ana haki yake, na aliye na nguvu ndiye mwenye haki."

La hasha. Nisikilizeni.

Fikirini methali zetu. Tunasema, "Haraka haraka haina baraka." Na tunasema, "Ngoja ngoja huumiza matumbo." Zinapingana. Tunasema, "Mkono usioweza kuukata, ubusu", na watu hao hao husema, "Usipoziba ufa utajenga ukuta." Je, kwa kuwa methali zinapingana, wazee wetu walikuwa hawajui kuamua? Walijua sana. Mzee mwenye busara husikiliza kesi mpaka mwisho, kisha huchagua methali inayofaa kesi ile. Hana methali moja kubwa iliyo mama wa zote. Ana kesi mbele yake, ana watu mbele yake, na ana kumbukumbu ya kesi zilizopita. Wala hasemi kwamba kwa kuwa hakuna methali mama, basi mwizi na aende zake.

Au tazameni tembe. Wazee wetu hawakujenga juu ya mwamba. Walisimika nguzo nyingi ardhini, wakalaza miti juu yake, wakaezeka kwa udongo. Nguzo moja ikiliwa na mchwa, huitoi nyumba yote. Unaibadilisha ile moja, na paa linabaki juu kwa sababu nguzo nyingine zinashika. Miaka ikipita huenda kila nguzo imebadilishwa, lakini hamkulala nje hata siku moja. Mradi hamzing'oi zote kwa mara moja, na mradi kila mwaka mnakagua mchwa.

Haki yetu ndivyo ilivyo. Tunazo nguzo: binadamu wote ni sawa, mgeni asilale njaa, cheo ni dhamana, mzee na mtoto walindwe, neno lililoahidiwa litimizwe. Hakuna hata moja iliyo mwamba. Kila moja yaweza kuhojiwa, lakini ihojiwe wakati nyingine zimeshika paa. Anayesema "nguzo zote ni uongo, twende porini," huyo hatakuwa huru. Atalala katika mvua. Na anayesema "nguzo yangu hii ni mwamba, isiguswe," huyo naye ni wa hatari, kwa maana mchwa utamlia ndani kwa ndani na paa litawaangukia watoto.

Na mtu mwenye hakika kupita kiasi, ndugu zangu, ndiye wa kuogopwa zaidi. Bwana shamba wa Mwingereza aliyelazimisha matuta alikuwa na hakika. Mtu aliyebomoa nyumba ya mkulima wakati wa Operesheni alikuwa na hakika; alidhani historia yote iko upande wake. Angekuwa na shaka kidogo, angeuliza kwanza mama mwenye nyumba atalala wapi usiku ule.

DENI HALIFUTIKI

Wazee husimulia habari za Mtunya, ile njaa kubwa ya Ugogo ya mwisho wa vita vya kwanza vya dunia. Majeshi ya Mjerumani, kisha ya Mwingereza, yalichukua ng'ombe, nafaka na wapagazi. Kisha mvua ikakosekana. Watu wapatao 30,000 walikufa katika nchi hii. Katika siku zile familia nyingine ziliweka watoto rehani kwa watu wenye nafaka, ili mtoto apate kula na waliobaki nao wapate kula.

Nani atamhukumu mzazi yule? Akimtoa mtoto, amemtoa mtoto wake. Asipomtoa, huenda wote wakafa. Mimi sidhani kwamba alikosa. Lakini sidhani pia kwamba alilala usingizi mwema hata siku moja baada ya hapo. Na nadhani ilikuwa sawa asilale. Kule kutolala ndiko kuliko mfanya, mvua iliporudi, aende kumtafuta mtoto na kumkomboa.

Hilo ndilo nataka mlichukue. Kufanya uamuzi ulio bora kuliko mingine hakufuti deni la yule aliyeumia. Wenye kudhani wana mwamba husema, "Tulifanya haki, basi yamekwisha." Sisi tusio na mwamba hatuna ruhusa ya kusema hivyo. Kama kuondoa mifugo Mvumi kulikuwa lazima, basi aliyetoa ng'ombe wake kwa ajili ya udongo wa wote anatudai sote. Je, tumemlipa? Tumewahi hata kumshukuru?

LA KUFANYA

Mtu wa chama hasemi tu. Lazima aseme na la kufanya. Kwa sheria ya ardhi ya vijiji ya mwaka 1999, mkutano mkuu wa kijiji una sauti katika kugawa na kupanga ardhi. Mtakaa mara nyingi kuamua malisho yawe wapi, mkaa ukatwe au usikatwe, mgeni apewe shamba au asipewe. Hakuna sauti itakayotoka mbinguni kuwaambia. Basi nawaomba mambo manne.

Kwanza, kabla ya kuamua, ulizeni nani atalipa, na mtu huyo awepo kikaoni, aseme kwanza, wala asikatizwe. Kama ni mjane mwenye mbuzi watatu, aseme kabla ya Diwani.

Pili, kila anayeunga mkono ajiweke mahali pa yule atakayelipa. Kama hawezi kukubali jambo lile lifanywe kwake, na awe na haya ya kulifanya kwa mwingine.

Tatu, acheni mlango wazi. Wekeni tarehe ya kulitazama tena jambo lile. Uamuzi usioweza kurudishwa uhitaji sababu nzito mara mbili, maana huenda kuna habari ambazo hamjazipata, kama zile za makorongo ya Kondoa.

Nne, andikeni deni. Katika daftari la mkutano, chini ya uamuzi, iandikwe nani ameumia na kijiji kimeahidi kumfanyia nini. Na mkutano unaofuata uanze kwa kusoma ukurasa ule.

Haya si mwamba. Ni nguzo nne tu, na nanyi mkiona mojawapo imeliwa, ibadilisheni.

Kijana wangu uliyeuliza, nadhani umo humu. Uliuliza tunasimama juu ya nini. Jibu langu ni kwamba tunasimama mmoja akimshika mwingine, kama nguzo za tembe, na hilo latosha kujikinga mvua, mradi hakuna anayeachwa nje. Kama hukuridhika, usinyamaze. Simama sasa hivi, mbele ya wazee hawa, unipinge. Tutakaa hapa mpaka jioni.